Viboko Arobaini Waliozuiliwa Malta

Sababu ya safari yangu ilikuwa barua ya mistari tisa. Iliingia kwenye simu yangu Jumanne moja asubuhi, nikiwa nimeketi barazani kwetu, ufuoni, mwendo wa nusu saa kutoka Kisumu mjini. Ilitoka katika ofisi ya serikali huko Malta, kisiwa kidogo cha Ulaya. Ilisema, kwa Kiingereza cha heshima kubwa, kwamba shehena yetu ya viboko arobaini imezuiliwa, na kwamba mtu aliyetia sahihi hati yao anaombwa aeleze amewapaka nini.

Nieleze mapema, nisije nikadhaniwa mwizi wa wanyama pori. Viboko hawa ni wa kuchezea watoto, ukubwa wa papai la wastani. Wanasukwa kwa gugumaji, lile jani linaloziba ziwa letu na kuwatia wavuvi hasira. Akina mama wa ufuo wetu hulivuna, hulikausha, hulisokota kamba, halafu husuka. Mwenyekiti wa kikundi chao ni mke wangu, ambaye ana jina zuri la ubatizo lakini sote tunamwita Nyar Bondo, yaani binti wa Bondo, kwa kuwa huko ndiko nilikomtoa. Mimi ni katibu. Nilifundisha kemia upande wa Maseno kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kikundi kilinichagua kwa sababu, kama alivyosema Mama Akoth, mmoja wa wasukaji, "Mwalimu anajua Kiingereza ya makaratasi."

Mnunuzi wetu alikuwa Bi Karmena, mwenye duka dogo la zawadi Valletta, mji mkuu wa Malta. Alipita kwetu akiwa mtalii, akampenda kiboko mmoja, akarudi kwao na kuagiza arobaini. Aliomba hati ya kueleza rangi zilizotumika. Niliiandika mwenyewe. Nilisema kahawia yetu inatoka kwenye magome ya mti na nyeusi inatoka kwenye tope la ziwa, hakuna kingine, na chini yake nikaweka ile sahihi yangu ya mkia mrefu iliyowahi kutetemesha watoto wa kidato cha nne. Kwa hiyo barua ya Malta iliniuma. Ilikuwa kana kwamba mtoto wa kidato cha kwanza amesimama nyuma ya darasa na kusema mwalimu amekosea.

Kabla ya kujibu niliwaita akina mama wote, nikawauliza mmoja mmoja, kama wakati wa mtihani wa mdomo.

"Mlitumia rangi gani?"

"Magome na matope, Mwalimu."

"Na wewe?"

"Si hiyo hiyo? Tuko na rangi ingine wapi?"

Walinitazama machoni, na mimi najua jicho la mwanafunzi anayedanganya. Hakuna aliyedanganya. Bi Karmena alikuwa ameshalipia tiketi ya mtu mmoja wa kikundi chetu aende kwenye maonyesho ya kazi za mikono kwao, na sasa safari hiyo ikapata kazi ya pili. Viza tulikuwa tumeshachukua sote wawili, na nilidhani Nyar Bondo ndiye angetaka kwenda. Akakung'uta nyuzi za gugumaji kutoka kwenye kanga yake.

"Mwenye aliweka sahihi ndiye aende," alisema. "Mimi nilisuka tu."

"Nitakwenda kuwafungua hao viboko."

"Enda. Lakini usiongee sana, Mwalimu. Watu wa kisiwa wanachoka haraka."

Alhamisi alfajiri nikapanda ndege Kisumu. Akina mama sita walinisindikiza hadi kwenye lango la uwanja, wakanipa njugu za kukaanga na simsim ya kutosha kulisha darasa. Mama Akoth aliniombea sala ndefu ambayo ndani yake alimkumbusha Mungu kwamba sisi ni watu safi. Nairobi nilibadilisha ndege, kisha nikabadilisha tena katika uwanja mmoja mkubwa ambao watu hulala sakafuni wakiwa wamekumbatia masanduku. Njia nzima nilikuwa nikiandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, hoja nne, na hitimisho la kuwaaibisha.

Malta nilifika Ijumaa mchana. Nchi yenyewe, kwa haki ya Mungu, unaweza kuizunguka kwa gari kabla chai haijapoa kwenye chupa. Nyumba zote ni za jiwe moja la rangi ya mandazi yaliyoiva vizuri. Nilitarajia ugeni, lakini walikuwa wakiendesha magari upande wa kushoto kama sisi, na matundu ya umeme hotelini yalikuwa yale yale matatu ya kwetu, hata sikuhitaji ule mguu wa plastiki wa kubadilishia plagi niliouziwa Nairobi kwa maneno mengi. Mhudumu alipokuwa akihesabu funguo kwa lugha yao nilisikia sita, saba, tisa. Nikamuuliza wanaitaje ziwa kubwa la chumvi lililowazunguka. Akasema kitu kilichokuwa bahari kabisa, ila kimekohoa kidogo katikati. Nikaona hawa ni ndugu zetu waliopotea njia, na ndugu hatakosa kunielewa.

Saa tisa alasiri ile ile nilikuwa ofisini kwa yule aliyeniandikia barua. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya jumba kubwa lenye walinzi. Nikakuta ghorofa ya pili ya jengo la kawaida, vyumba vichache, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyevaa raba, akila kitumbua cha jibini juu ya faili. Aliitwa Graziella. Ndiye mkaguzi wa vitu vya kuchezea. Nikauliza wenzake wa kitengo hicho wako wapi.

"Kitengo ni mimi," alisema. "Vitu vya kuchezea, mishumaa na mapambo ya bei nafuu ni vyangu. Mwenzangu ana ngazi na vifaa vya umeme. Bosi ana sisi wawili."

Nyuma yake rafu zilijaa vitu vilivyozuiliwa: taa zenye nyaya uchi, ndara za watoto zilizonuka mafuta ya taa, wanasesere wenye macho yanayong'oka. Ilikuwa kama stoo ya shule siku ya mwisho wa muhula, pale vitu vyote tulivyowanyang'anya watoto vinapongoja wazazi. Na juu kabisa, wakiwa wamefungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye lakiri, walikuwa viboko wetu. Nikaanza hotuba.

Graziella alinisikiliza hadi hoja ya pili. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama nimekunywa chai.

Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuimba na changu cha ubaoni. Alinieleza kazi yao. Sheria za usalama wa vitu na kemikali zinaandikwa kwa ajili ya nchi zote ishirini na saba za Umoja wa Ulaya, kubwa na ndogo, na hakuna ndogo inayopunguziwa hata mstari mmoja. Malta inazitekeleza kwa mikono michache. Sampuli ngumu hupelekwa kwenye maabara za ng'ambo ya bahari. Na kitu kibaya kikigunduliwa hapa, tangazo lake huingia kwenye mtandao mmoja, na wakaguzi wa nchi nyingine zote hulisoma.

"Kwa hiyo unatembelea maduka kwa siri?" nikauliza.

Alicheka. "Siri, Malta? Nikiingia duka la kwanza, la mwisho wa barabara limeshajua nimevaa nini. Kwa hiyo naanzia la mwisho."

"Na Bi Karmena?"

"Bi Karmena ni shangazi yangu. Dada ya mama."

Nikasogeza kiti karibu. Graziella alieleza kwamba alimnunua kiboko mmoja dukani kwa shangazi yake kama anavyonunua popote, akalipa, akadai risiti. Matokeo yalipotoka vibaya alimkabidhi mwenzake wa ngazi faili aamue yeye, ili asije akasemwa kwamba amependelea damu yake. Lakini kuondoa viboko kwenye rafu alikwenda mwenyewe. Jumapili iliyofuata familia ilikula sungura kwa mama yake, na shangazi ndiye hupakua.

"Nilipewa shingo," alisema. "Tangu siku hiyo napewa shingo."

"Kwetu kuku akichinjwa, mwenye heshima hupewa firigisi," nikamwambia. "Ukiona umeletewa shingo, jua kesi yako imeshaamuliwa."

Tulikuwa tumeanza kupendana, na hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu nilikuwa bado na hoja mbili na hitimisho. Nikamwekea hati yangu mezani. Akaisoma tena, polepole.

"Mwalimu, kabla ya kutia sahihi hapa, uliangalia nini?"

"Nilimwangalia mke wangu," nikajibu. Kwetu hilo ni jibu kamili.

Hakucheka. Alifungua mfuko mmoja wenye lakiri, akatoa kifaa mfano wa ile mashine ya saluni ya kukaushia nywele, akamwelekezea kiboko mgongoni. "Sawa," akasema. Akamwelekezea tumboni. "Sawa. Magome yako ni mazuri, sina ugomvi nayo." Kisha akamgeuza kiboko, akamfunua mdomo kwa kidole, na kifaa kikaandika jina la madini ambalo nililifundisha kila mwaka kwa chaki nyekundu: risasi.

Ndani ya mdomo wa kiboko kulikuwa na ulimi. Mwekundu, unaong'aa, mzuri kupita kiasi. Mimi niliwakagua viboko wale kabla ya kufunga sanduku, wote arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ulimi. Lakini wekundu ule niliujua. Ni wekundu wa jina lililoandikwa ubavuni mwa boti ya shemeji yangu, na ubavuni mwa boti zote za ufuo wetu. Fundi wetu huuza rangi hiyo kwa kikombe, kutoka kwenye debe kuukuu lisilo na karatasi.

Niliomba ruhusa, nikatoka kwenye ngazi, nikapiga simu nyumbani.

"Nyar Bondo, nani alipaka viboko ulimi?"

"Ulimi?" Nilisikia kuku nyuma yake na mtu akitwanga. "Aa, ile ya mdomo! Si ni sisi, jioni ile ulienda kwaya. Tulifungua sanduku, tukaona viboko inaangalia watu ikiwa bubu. Nikasema, yawa, sisi tutapelekea watu wa Ulaya kitu bubu? Mama Akoth akaleta rangi kikombe moja."

"Niliwauliza mlitumia rangi gani! Mmoja mmoja!"

"Uliuliza rangi ya kiboko. Ulimi haikuwa kwa bei, Mwalimu. Ulimi ilikuwa nyongeza."

Msomaji wa nyumbani hapo ameshaelewa. Ukinunua omena, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni kwetu, ukishapimiwa, muuzaji huchota gao jingine akakumwagia juu, na asipochota unamdai. Hiyo nyongeza haimo kwenye bei wala kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ni ya heshima tu. Akina mama wale walinijibu kweli tupu: waliuza magome na matope, na juu yake, kwa upendo, wakaongeza risasi. Na wakaiweka mahali pale pale ambapo mtoto anayeota meno angeanzia.

Sikumgombeza. Nilimwambia tu ile rangi ni sumu kwa mtoto. Kutwanga kulisimama.

"Kuna mtoto ameiweka kwa mdomo?" aliuliza.

Nikarudi ndani na swali hilo hilo. Graziella alinionyesha orodha. Kati ya viboko arobaini, mmoja alimnunua yeye, thelathini na watatu walikutwa kwenye rafu za shangazi, na sita walikuwa wameshauzwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa duka, likasomwa redioni, na mapadri walilisoma baada ya misa, kati ya ndoa zinazotarajiwa na kikombe kilichopotea. Viboko watano walirudi. Wa sita alinunuliwa na bibi mmoja mwenye nguo nyeusi, aliyelipa taslimu na kusema ni zawadi ya mjukuu wake aliyebatizwa.

"Katika nchi ambayo kila mtu anamjua mwenziwe," alisema Graziella, "shangazi yangu amefanikiwa kumuuzia mtu asiyemjua. Hilo peke yake ni la kuandikwa gazetini."

Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Nilikuja kuwafungua viboko. Sasa nilimtaka mmoja tu akamatwe. Risasi huingia kwa mtoto kidogo kidogo, huenda kichwani, na haitoki kwa kuombwa msamaha. Watu husema ina utamu kidogo, ndiyo maana mtoto huirudia. Nilikuwa nikiyasema hayo darasani mwaka baada ya mwaka nikitazama saa ya ukutani.

Jumamosi nilikaa kwenye maonyesho nyuma ya meza tupu. Mkono wa kulia kulikuwa na asali, wa kushoto vitambaa vya lesi, na katikati mimi na kibao kilichoandikwa "Kazi za Mikono za Ziwa Victoria". Watu waliuliza nauza nini. Niligawa njugu. Bi Karmena, mwanamke mfupi mwenye sauti ya soko zima, alikuja kuketi nami, akalaumu serikali, akamlaumu mpwa wake, kisha akanyamaza, akafuta macho. Alisema hata yeye hapati usingizi kwa ajili ya yule mtoto. Nikamwomba akumbuke chochote kuhusu yule bibi.

"Alikuwa na samaki kwenye kikapu. Nilimwomba akiweke mlangoni, dukani kusinuke."

"Samaki gani? Wa barafu au wa asubuhi ile?"

Akafikiri. "Wa asubuhi ile. Mkia ulikuwa bado umesimama."

Mimi si mvuvi, lakini sijakaa ufuoni bure. Mtu mwenye samaki ambaye mkia wake bado umesimama hajatoka mbali na boti. Nikampigia Graziella simu, nikamuuliza boti zinaegeshwa wapi. Akataja kijiji cha Marsaxlokk, kusini, ambako Jumapili kuna soko la samaki. Alikuwa tayari kubandika karatasi nyingine huko. Nikamwambia kwetu, ukipoteza ndara moja hubandiki karatasi. Unatembea na ile ya pili mkononi, na watu wenyewe watakuuliza.

Jumapili asubuhi, Marsaxlokk. Boti zilijaa ghubani zikiwa na rangi za kuumiza macho, buluu, manjano, nyekundu, kijani, na kila moja imechorwa macho mawili mbele. Nilisimama nikazitazama kwa wivu. Kwetu tunaandika jina na msemo, hatujawahi kufikiria kuipa boti macho. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti akipaka upya, kikopo kando. Graziella aliona ninavyomtazama.

"Hiyo siigusi," alisema. "Boti hainyonywi."

Basi tukaingia sokoni, mimi mbele, nimemnyanyua kiboko ndani ya mfuko wake wa plastiki juu ya kichwa changu, Graziella nyuma na kifaa chake, na Bi Karmena nyuma yake akitafsiri kwa sauti hata kabla hatujasema kitu. Mjaluo wa miaka sitini na tatu, mwenye koti la harusi, anamtembeza kiboko kati ya meza za pweza. Hawakuweza kuvumilia. Kabla ya meza ya tano tulikuwa na msafara. Kwenye meza ya saba mwanamke mwenye aproni ya mpira aliacha kupara magamba.

"Huyo si ndugu wa yule wa Guza? Mjukuu wake halali bila yeye."

Nyumba ya Bibi Guza ilikuwa hatua mia moja kutoka hapo, mlango mwekundu wenye kitasa cha shaba cha umbo la samaki. Alitufungulia mwenyewe, nguo nyeusi, mikono ya kazi. Sebuleni kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma juu yake, sawasawa na kwangu, na juu ya zulia alikuwa ameketi mtoto wa miezi kama minane, mnene, mwenye furaha, amemshika kiboko wetu kwa masikio. Ulimi wa kiboko ulikuwa umebaki nusu.

Nililishuhudia kosa langu likiwa na meno mawili ya mbele na mate kidevuni.

Bibi Guza alipoelezwa alikataa. Alisema amelea watoto sita kwa vijiko vya kila aina, hajawahi kuona mtoto akiuawa na ulimi. Alimwambia Graziella kwamba serikali iliyoshindwa kuziba shimo la barabara mbele ya mlango wake haiwezi kuja kumnyang'anya mtoto mbatizwa. Bi Karmena akaingilia, sauti zikapanda, mikono ikaruka, na mtoto akatuangalia sote huku akiendelea na kazi yake. Graziella alikuwa na haki yote ya kisheria, lakini nilimwona anashindwa. Hakutaka kumvuta mtoto kitu kinywani kwa nguvu mbele ya bibi yake.

Nikapiga magoti kwenye zulia, nikavua kofia.

"Mama," nikasema, na Bi Karmena akatafsiri, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Mke wangu ndiye aliyepaka huu ulimi. Aliupaka kwa heshima, ili asikutumie kitu bubu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna rangi nyingine, na nilikuwa mwalimu wa kitu hiki hiki. Serikali yako haina kosa. Mwenye kosa amepanda ndege tatu kuja kukuomba umnyang'anye mtoto huyu kiboko."

Bibi Guza alishusha mikono. Kisha akauliza mke wangu ana wajukuu wangapi. Nikasema wanne. Akauliza kama nao wana viboko. Nikasema wanao, wa zamani, bila ulimi. Akainama, akamkuna mtoto kwapani, na mtoto alipocheka kiboko akadondoka mwenyewe.

Kilio kilichofuata kilisikika hadi ghubani. Kwa huruma nikatoa mfukoni mkufu wa shanga niliomnunulia mjukuu wangu Nairobi, nikamnyooshea. Graziella aliinua nyusi. Akainua na kifaa. Nikaurudisha mfukoni. Bibi Guza alikwenda jikoni akaleta mwiko wa mti, mkavu, mtupu, na mtoto akanyamaza.

Graziella alieleza kwamba mtoto lazima apimwe damu. Bibi akakubali. Kisha akatulazimisha kula.

Jumatatu nilianza safari ya kurudi. Viboko arobaini walibaki Malta, wateketezwe kwa mujibu wa sheria, na niliandika karatasi nyingine ya kukubali hivyo, kwa sahihi fupi. Graziella alinipeleka uwanjani kwa gari lake dogo. Alisema shangazi amemwita Jumapili ijayo kwa sungura.

"Utapewa nini?"

"Tutaona," akasema. "Lakini jana usiku alinipigia simu kuniuliza kama nimekula."

Kisumu nilifika Jumatano jua likiwa juu, na hakuna aliyeimba. Nyar Bondo alinichukulia begi. Kikundi kilikutana siku hiyo hiyo. Nilisimulia yote, pamoja na ule ulimi uliobaki nusu, na Mama Akoth akalia waziwazi. Walikwenda kwa fundi wa boti, wakamweleza kuhusu rangi yake na watoto, na kila mama aliyewahi kupaka kibuyu au stuli kwa kikombe kile alikwenda nyumbani kuikwangua. Majuma matatu hakuna aliyesuka kiboko. Kila jioni Nyar Bondo aliniuliza kitu kimoja: "Mtoto wa Malta?" Nami nikasema bado.

Ujumbe uliingia Alhamisi, tukiwa tunakula. Graziella aliandika kwamba damu ya mtoto imepimwa mara mbili, daktari ameridhika, kiasi kilichoonekana ni kidogo na kinashuka. Chini yake aliongeza kwamba shangazi amempa paja. Nilimsomea Nyar Bondo. Aliweka sahani chini, akatoka nje, akasimama akilitazama ziwa.

Nilijifunza nini? Nilikwenda nikidhani nchi ndogo yenye mkaguzi mmoja mwenye raba haiwezi kunifundisha kitu. Nikakuta mtu anayempenda shangazi yake na bado anadai risiti. Mimi nilikuwa nimechukulia mapenzi kuwa ndiyo risiti yenyewe.

Mwezi uliopita Bi Karmena aliagiza kumi. Sampuli tulipeleka maabara Nairobi kwanza, kwa kuwa nimeshajua kwamba jicho langu si maabara, na majibu yamerudi safi. Akina mama hawakukubali kuwaacha viboko bubu. Ulimi upo, umesukwa kwa kamba nyembamba na kupikwa kwenye magome yale yale hadi ukawa na wekundu wa udongo, na safari hii umeandikwa kwenye hati kwa jina lake.

Nilikuwa nimeshafungua kalamu. Nyar Bondo akaweka kiganja juu ya karatasi, akaninyanyulia kiboko hadi usoni, mdomo wazi.

"Kabla ya sahihi, Mwalimu. Lamba."

Akina mama wote waliacha kusuka. Nililamba, sawasawa, kama mtoto anayeota meno, na ulikuwa mchungu, bila utamu hata kidogo. Ndipo akaondoa mkono.